Kibali cha Dobi

Sisi tuliopita mbele ya duka lile asubuhi na jioni hatukugundua kwamba dobi alikuwa ameacha kunusa nguo. Ilikuwa desturi yake ya miaka mingi, na tulikuwa tumeizoea kiasi cha kutoiona tena. Nguo ilipoletwa aliinusa ili ajue inataka sabuni gani. Ilipokwisha kupigwa pasi aliinusa tena kabla ya kuikunja na kuifunga kwa karatasi. Wateja walimtania. "Dobi, mbona unabusu mashati ya waume za watu?" Naye alijibu kwamba macho yanaweza kuhongwa kwa wanga na pasi kali, lakini pua yake haijawahi kupokea rushwa. Ugonjwa ulipoingia mjini na kila mtu akaamriwa kuvaa barakoa, aliendelea vivyo hivyo: aliishusha kidogo, akanusa, akaipandisha. Halafu wiki moja hakuishusha. Mashati yalitoka mezani yakaingia ndani ya karatasi moja kwa moja. Mimi nilichukua mzigo wangu, nikamshukuru, nikaenda zangu nikiwaza kwamba hatimaye mtu yule amekuwa mwangalifu.

Ulikuwa wakati wa amri ya pili ya kufunga maduka. Kinyozi wa upande wa pili wa barabara alikuwa ameshusha mlango wake wa chuma, na kutwa alikaa mbele yake juu ya kiti cha plastiki, akitazama nywele za wapita njia zikirefuka. Duka la dobi lilikuwa wazi, kwa sababu mlangoni palibandikwa karatasi yenye mhuri iliyosema kwamba ufuaji ni huduma muhimu. Kibali hicho dobi alikifunika kwa nailoni kisiloane, na kabla ya kuwasha pasi alikipangusa vumbi. Ndicho kilichomtofautisha na kinyozi.

Nyuma ya chumba cha pasi, ng'ambo ya pazia, kilikuwapo chumba cha mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Nyuma zaidi, kwa ujia uliopita kando ya chumba chake, kulikuwa na chumba cha dobi na mkewe, kisha ua wenye kamba za kuanikia, choo, na banda la mabati walimoweka mabeseni. Pacha wao wawili, waliompa mkewe jina la Mama Pacha, walikuwa wamepelekwa kwa mama yao mdogo tangu shule zilipofungwa. Bibi alibaki kwa sababu kifua chake hakikuweza safari. Alikuwa na pumu ya tangu usichana, na daktari alikuwa amesema, kwa upole wa mtu asiyetaka kutisha, kwamba maradhi haya yakimfikia hayatakuwa na kazi ngumu.

*

Mama Pacha alikuwa uani anakamua shuka aliposikia harufu ya sufu inayoungua. Alidhani ni jirani anachoma takataka. Kisha Bibi akaita kutoka nyuma ya pazia, "Jamani, kuna kitu kinaungua huko. Hamnusi?"

Aliacha shuka ndani ya beseni, akapita ujiani mbio huku mikono ikichuruza maji. Dobi alikuwa amesimama akiipa meza mgongo, anakunja sare za wauguzi na kuzipanga rafuni kwa utulivu. Nyuma yake pasi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya koti la kijivu, na moshi mwembamba ulikuwa ukipanda polepole hadi usawa wa bega lake.

Mama Pacha akainyanyua pasi. Chini yake palibaki umbo la pasi, la rangi ya kahawia, pembezoni jeusi, palepale kwenye ukosi ambapo kila mtu angeliona.

"La nani hili?"

"La karani wa mahakama." Dobi aliligusa lile doa kwa kidole, kisha akakitazama kidole. "Simu iliita. Nikaiweka chini mara moja tu."

"Ukaiweka chini kwa uso."

"Nimechoka, Mama Pacha. Nimesimama tangu alfajiri. Sare za hospitali zile zote, na wewe unajua wanazitaka kesho."

Mkewe aliiweka pasi kando. Alikuwa amemwona mume wake akichoka kwa namna zote ambazo mtu anaweza kuchoka, na hata mara ile alipolala kwa wima ameegemea ukuta, aligutuka sufu ilipoanza tu kutoa harufu ya nywele zilizobabuka. Alipeleka macho kwenye rafu, kwenye mizigo iliyokwisha kufungwa. Akauchukua mmoja, akaufungua, akalipeleka shati puani. Lilikuwa na uvundo wa nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Akafungua wa pili. Ulikuwa vilevile.

"Unafanya nini? Nimeshafunga hizo."

"Ngoja."

Alitoka uani akarudi na chupa ya dawa ya madoa, ile ambayo wenyewe huifungulia nje kwa sababu hutoa machozi. Aliondoa kifuniko, akamshusha mumewe barakoa kama mtu anayemfuta mtoto kamasi, akaiweka chupa chini ya pua yake.

Dobi alivuta pumzi. Macho yake yalianza kutoa machozi, maana macho hayakuwa na kasoro, lakini uso haukukunjamana. Aliitazama chupa, akamtazama mkewe.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Pacha kwa sauti ya chini.

"Si jambo kubwa. Mafua tu."

"Nimekuuliza tangu lini, baba."

"Juzi. Labda siku moja kabla." Akaipandisha barakoa. "Sina homa. Sikohoi. Nagusa nguo hivi najua imekauka au la."

"Hazikukauka."

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Wote wawili walingoja Bibi ageuke na kutulia.

*

Waligombania uani, karibu na ukuta wa mbali, kwa minong'ono, wakipishana na mashuka yaliyoning'inia kati yao. Ni vigumu kugombana kwa kunong'ona. Maneno hutoka yamekatwa ncha, na kila mmoja huomba arudiwe jambo ambalo hakutaka kulisikia hata mara ya kwanza.

"Tukifunga leo," alisema dobi, "hatufungui tena. Elewa hilo. Hawa wateja tulionao wamebaki kwa sababu tupo wazi. Hospitali itampa mwingine sare zake kesho hiyohiyo. Mwenye nyumba anangoja nikose kodi mara moja tu, ana mtu wake wa kuuza simu. Na mtaa ukisikia dobi ana ugonjwa, nani ataleta shuka analolalia mwanawe?"

"Tufunge bila kusema kwa nini."

"Kinyozi atasema. Kinyozi hana kazi nyingine."

"Na mama?"

"Mama yuko ndani, nimempa chumba chake, simkaribii."

"Asubuhi ulimpelekea chai. Ulimshika mkono akanyanyuka."

Dobi alishika kamba ya kuanikia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa katikati. Hakuwa mtu mbaya, na asingependa mtu yeyote afikiri kwamba amempima mama yake na duka akaona duka ni zito. Alichokuwa akipima, kwa mujibu wa hesabu yake, ni hasara yenye uhakika na hatari ambayo pengine haipo. Hasara aliijua sura yake. Iliishi ng'ambo ya barabara, juu ya kiti cha plastiki.

"Pengine amekwisha kupata," alisema. "Pengine amekwisha kupata na hatapata zaidi ya mafua kama mimi. Sasa tukifunga, tutakuwa tumejivunja miguu bure."

"Pengine," alisema Mama Pacha. "Nimempigia shemeji. Anakuja."

Dobi akainua kichwa. "Umempigia kabla ya kuniambia?"

"Nimempigia wakati unatafuta pa kulificha koti."

*

Shemeji alikuwa mdogo wake dobi, wa mwisho kuzaliwa, mtakwimu katika wizara. Kaka yake alimwita Bwana Hesabu, kwa fahari iliyochanganyika na dhihaka. Ndiye aliyesomeshwa kwa pasi ile ile, na ndiye aliyekaa katika kamati iliyopanga ni kazi zipi zifungwe na zipi ziachwe. Katika jedwali lake kila kazi ilikuwa na safu mbili: watu wangapi wangepoteza riziki ikifungwa, na watu wangapi walikadiriwa kufa ikiachwa. Vinyozi walianguka. Madobi walipita, na yeye mwenyewe alikuwa amekileta kibali kwa kaka yake, akakibandika kwa mkono wake.

Alisimama kwenye uchochoro wa ubavuni, hatua chache mbali na mlango wa ua, mfuko wa vyakula ukining'inia mkononi. Dobi na mkewe walisimama ndani ya ua. Walizungumza hivyo, mlango wazi kati yao, kama watu wasiojuana wanaouziana kitu.

"Kaka, harufu haipo kabisa?"

"Haipo. Sasa niambie, ninyi mlioandika. Katika lile jedwali lenu mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa sehemu salama. Bado upo. Dobi anaonana na mteja mlangoni, kwa muda mfupi, hewa inapita. Tulilipima jambo hili kwa makini. Tukiwafunga madobi wa mji mzima, nyumba nyingi sana zinalala njaa, na wanaookolewa ni wachache mno."

"Wachache," alisema Mama Pacha. "Akina nani?"

"Hawana majina, shemeji. Ni makadirio."

"Sikulaumu. Nauliza tu, maana huenda mmojawapo yuko nyuma ya ukuta huo uliouegemea."

Mtakwimu alijitoa ukutani taratibu. Alikuwa kijana mpole, na swali lile halikumkasirisha. Alikuwa amejiuliza mwenyewe, usiku baada ya kikao, na alikuwa amejijibu kwamba mtu asiyekubali kupima atakuwa amepima tu bila kujua. Bado aliamini jibu hilo. Lakini alikuwa amelifikiria akiwa mbali na uchochoro huu.

"Mchukue mama," alisema dobi ghafla. "Leo hii. Kaa naye kwako mpaka mimi nipone. Duka nitaliendesha kwa mlango nusu, nitavaa glavu, hakuna atakayejua. Kila kitu kitabaki mahali pake."

Mtakwimu aliuweka mfuko wa vyakula chini.

"Kaka, mtoto wangu hajatimiza hata mwezi."

"Najua."

"Na mke wangu bado ana kidonda cha upasuaji. Kama mama ameshaambukizwa, ninaupeleka ugonjwa kwao. Kama hajaambukizwa, nikimwacha hapa ninamwacha kwako. Sijui ni lipi." Kazini angeweka kiwango cha uwezekano hapa, na kiwango hapa, akazidisha. "Ningelijua, ningekuambia. Naapa sijui."

"Wewe si msomi wa hayo?"

"Ninajua ya watu elfu. Ya mtu mmoja siyajui."

"Basi elimu hii tuliyokununulia ni ya jumla, haina rejareja," alisema dobi, na kwa mazoea ya utoto wote wawili nusura wacheke.

Dirisha la Bibi lilifunguliwa. Lilikuwa dirisha dogo la mbao lililotazama uchochoro, na lilipofunguka lilikwaruza hivi kwamba wote watatu waligeuka. Bibi alikuwa amekaa kitandani, shuka mabegani, anavuta pumzi kwa kituo, moja kisha pumziko, kama kawaida yake.

"Mmemaliza kunipima?" aliuliza. "Maana naona mnanibeba huku mnanitua, mnanibeba mnanitua, kama gunia lisilo na mwenyewe."

"Mama, tulidhani umelala," alisema mtakwimu.

"Nilale vipi na ninyi mnanong'ona kama wezi? Kifua ndicho kibovu, masikio ni mazima. Tena pua ninayo. Nimenusa koti likiungua kabla ya mwenye pasi."

Alilisukuma dirisha likafunguka zaidi.

"Sasa sikilizeni. Kwa mtoto mchanga siendi. Sitaki kufika kwenye nyumba hiyo nikiwa sijui nimebeba nini. Chumba hiki ni changu, dirisha lake ni hili, nitakaa nalo wazi. Wewe," akamwelekea dobi, "wewe na mkeo tokeni ndani. Banda lipo. Huyu mdogo atanipitishia chakula hapa dirishani, asiingie. Na mlango wa mbele ufungwe."

"Mama, duka—"

"Mwanangu, mimi sikukwambia uchague. Nimekwambia ufunge." Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kuendelea, na sauti ilikuwa imelainika. "Najua duka ni nini. Nilikuwa na wewe siku ulipoinunua hiyo pasi ya kwanza. Lakini usinifanye niwe ndani humu nasikiliza watu wakiingia na kutoka, kila anayekohoa najiuliza ni huyu au yule. Sitaweza. Nitakufa kwa kusikiliza, kabla ya kitu kingine."

Dobi aliwapa mgongo. Kisha akapita ujiani, akavuka chumba cha pasi, akafungua mlango wa barabarani. Walimsikia akibandua nailoni. Karatasi ilikuwa imeshikamana na mbao kwa gundi ya mdogo wake, ikatoka vipande vipande, na kipande chenye mhuri kiligoma kabisa. Kinyozi, kutoka kwenye kiti chake, alimwuliza kulikoni.

"Nina ugonjwa," alisema dobi. "Usije karibu."

Kinyozi aliinuka. Alichukua kiti chake, akaingia nacho ndani, akashusha mlango wa chuma mpaka chini.

*

Waliobaki kuambiwa waliambiwa kwa simu. Mama Pacha alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mlangoni mwa banda, akampigia mteja mmoja baada ya mwingine na kusema maneno yale yale: mume wangu ameambukizwa, nguo zenu zipo, zile mlizochukua wiki hii zichemsheni, tusameheni. Alijaribu kuyasema haraka ili asije akalia. Wengine walimshukuru kwa sauti baridi. Mmoja alimwuliza kama anajua sheria. Mwingine, mwanamke aliyemfulia tangu alipokuwa msichana, alisema, "Hata wewe, Mama Pacha?" akakata simu. Msimamizi wa hospitali alisema sare hizo wazichome tu, na kwamba wasijisumbue kuleta hesabu ya malipo.

Mchana watu walianza kuja. Nguo zao zilikuwa zimepangwa mbele ya duka juu ya meza ya kupigia pasi, kila mzigo na alama yake, na Mama Pacha alisimama ndani, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, akielekeza kwa mkono. Walizichukua kwa vidole viwili. Kuna aliyekuja na kijiti. Kijana mmoja alipiga picha, kwanza ya meza, kisha ya uso wake yeye Mama Pacha, naye akasimama akaacha apigwe, kwa sababu kugeuka kungeonekana kama hatia.

Wa mwisho kufika alikuwa mke wa karani. Koti lilikuwa juu ya meza, halikufungwa. Mama Pacha alikuwa ameliacha wazi ili doa lionekane lenyewe asilazimike kulitaja.

"Tumeliunguza," alisema. "Hakunusa. Tutalilipa, lakini si leo. Sitakudanganya nikakwambia lini."

Mke wa karani alilitazama koti. Hakuligusa. Alikuwa mwanamke nadhifu, aliyezoea kulalamika vifungo vikiwa vimelegea, na Mama Pacha alijikaza kisabuni akingoja.

"Alilileta mwenyewe, siyo?" aliuliza mke wa karani. "Wiki iliyopita. Alikaa hapa mlangoni na mumeo wakazungumza."

"Ndiyo. Walicheka sana."

"Alikuwa na homa siku ile." Alisema hivyo akiwa bado analitazama koti. "Nilimwambia asitoke. Mahakama walikuwa wanapunguza makarani, alitaka aonekane nadhifu, aonekane mzima. Nikasema basi, koti tu, dakika chache." Akapandisha barakoa ambayo haikuwa imeshuka. "Yuko hospitali. Hawaniruhusu kuingia."

Mama Pacha alitaka kukasirika. Alihisi hasira ikianza, ya haki kabisa, na akaingoja ipande. Haikupanda. Alichokiona ni mwanamke mwingine aliyekuwa amekaa na mumewe katika ua mwingine, akinong'ona.

"Pole, dada," alisema.

"Koti msilipe."

"Tutalilipa."

"Nimesema msilipe," alisema mke wa karani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. Akaondoka, akaliacha koti juu ya meza.

*

Dobi aliugua kweli siku iliyofuata. Homa ilimlaza bandani katikati ya mabeseni, na kwa siku kadhaa mkewe, aliyekuwa na maumivu ya kichwa tu na uchovu, alimkalisha wima akimgonga mgongo. Hewa ya banda ilinuka sabuni. Dobi peke yake hakuisikia. Bibi alikuwa ng'ambo ya ua. Alipotaka kwenda choo aligonga kifuniko cha sufuria, na wao, hata dobi akiwa na homa, walitoka bandani wakasimama kwenye ukuta wa mbali, wakigeuza nyuso, mpaka apite na kurudi. Jambo hilo lilikuwa la aibu kwa wote watatu, na kwa sababu hiyo Bibi aliligeuza mzaha. "Msafara unapita," alisema. "Wananchi mkae kando."

Kwa dirisha, mtakwimu alileta supu kila jioni. Aliiweka kwenye ubao, akarudi nyuma, Bibi akaivuta. Kisha alibaki amesimama uchochoroni, wakizungumza mambo madogo: mtoto amenyonya, mtoto amepiga chafya. Kila mara alisikiliza pumzi za mama yake kabla hajaaga. Kila mara zilisimama palepale, wala si zaidi. Walingoja kikohozi. Walikingoja kwa namna ambayo kila Bibi alipokwamwa na chembe ya chakula, watu watatu waliacha walichokuwa wakifanya.

Kikohozi hakikuja.

Homa ya dobi ilishuka. Siku aliyotoka bandani kwa miguu yake, aliketi juu ya ndoo, mwembamba, akamwuliza mdogo wake kupitia mlango wa ua kama ameripoti.

"Nimeripoti," alisema mtakwimu. "Umeingia kwenye safu ya wagonjwa. Karani yumo kwenye safu nyingine."

"Amefariki?"

"Amefariki, kaka. Juzi."

Dobi alishika tama. Baadaye akauliza, "Na mama yuko safu gani?"

"Hayupo."

"Vipi hayupo? Nimefunga duka kwa ajili yake."

"Nimetafuta pa kumweka," alisema mtakwimu. "Wanaougua wana safu. Wanaokufa wana safu. Maduka yaliyofungwa yana safu, na lako lipo humo. Mtu ambaye hakuugua haandikwi popote. Sijui hata kama angeugua."

"Kwa hiyo pengine nimefunga bure."

"Pengine."

"Sema kweli, Bwana Hesabu."

"Hiyo ndiyo kweli. Ungeniuliza tena siku ile, ningekwambia ufunge. Na ukiniuliza nithibitishe, sitaweza. Si leo wala kesho."

Mama Pacha alikuwa akianika nguo zao wenyewe. Alisikia yote, akaendelea kuanika. Kutoka dirishani Bibi aliuliza kama mtu yeyote anakumbuka kwamba hajaletewa chai.

*

Hospitali ilimpa kazi dobi mwingine, mwenye mashine za kufulia. Wateja wachache walirudi, wengi hawakurudi, na waliorudi walisimama mbali na meza. Mwenye nyumba hakugomba. Alingoja mwezi umalizike, akaja na muuza simu ili apime ukubwa wa rafu. Kinyozi alifungua tena siku ya kwanza ya ruhusa, na kulikuwa na foleni. Kabla ya ruhusa hiyo mtakwimu aliiandikia kamati akiomba madobi wafungwe kama vinyozi, au wafungao kwa ugonjwa walipwe fidia. La kwanza lilikataliwa kwa hoja ambazo aliziandika yeye mwenyewe. La pili liliahirishwa.

Siku moja, walipokwisha kuhamia chumba kimoja nyuma ya soko, dobi alimwambia mkewe, bila kumtazama, kwamba pengine mama asingeugua hata kidogo.

"Pengine," alisema Mama Pacha.

"Hatutajua."

"Hatutajua."

Mama Pacha alingoja aseme zaidi, amlaumu au amshukuru. Dobi hakusema lolote katika hayo mawili, siku ile wala baadaye.

Sasa dobi anapiga pasi mashuka ya hoteli kwa mshahara, chini ya msimamizi aliye mdogo kwake kwa umri. Mama Pacha anafua kwenye nyumba za watu kwa siku. Pacha wamerudi shuleni, muhula mmoja nyuma ya wenzao. Duka linauza simu. Bibi anaishi nao katika chumba kile kimoja, analala upande wa dirisha, na bado anapumua kwa kituo.